Mikono mitatu ya serikali ya Marekani kwa gredi ya 8: nitafundishaje bila kuwachanganya na ya Kenya?

Chaki_ya_Dunga:
Walimu wenzangu, hamjambo. Naomba msaada wa somo la Jamii, gredi ya 8, shule ya kutwa hapa Kisumu. Wanafunzi ni 58, vipindi ni vitatu vya dakika 40. Projekta hakuna. Kuna ubao, karatasi za manila na kamba ya katani.

Mikono mitatu ya serikali ya Kenya wameshaimaliza, sasa tunalinganisha na Marekani. Shida yao ni kujua kupita kiasi. Waulize Seneti ya Marekani inachaguliwa na watu wa wapi, watakwambia kaunti. Waulize nani humpendekeza jaji, watataja Tume ya Huduma za Mahakama. Kila neno linawafikia likiwa tayari na maana ya nyumbani.

Nahitaji zoezi la vitendo la kuonyesha jinsi mikono hiyo inavyozuiana, wasiishie kunakili ubaoni. Pia nataka kujua ni wapi hasa Kenya na Marekani zinafanana kwa jina huku kazi zikitofautiana.

Katiba_Mezani:
Mwalimu, usianze na mchoro wa miduara mitatu ulio kwenye kila chati ya dukani. Mchoro huo unaonyesha nani ana kazi gani, lakini swali lako ni nani anaweza kumkatalia nani. Anza na kamba.

Weka makundi matatu kwenye pembe tatu za darasa: Kongresi (yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa pamoja), Rais, Mahakama. Kata vipande sita vya kamba, kila kimoja kitoke pembe moja kwenda nyingine, na kila kimoja kiwe na kikaratasi kimening'inia. Kutoka kwa Rais kwenda Kongresi: kura ya turufu, yaani kuukataa mswada uliopitishwa. Kutoka Kongresi kwenda kwa Rais: kupitisha mswada tena kwa thuluthi mbili, kushika mfuko wa fedha, kumshtaki. Kutoka kwa Rais kwenda Mahakama: kuteua majaji. Kutoka Kongresi kwenda Mahakama: Seneti kuidhinisha uteuzi, na sheria ya kuweka idadi ya majaji. Kutoka Mahakama kwenda kwa hao wengine wawili: kutangaza sheria au amri kuwa kinyume cha katiba. Mtoto akivuta kamba yake, yule wa upande wa pili anaisikia mkononi. Dakika tano zinatosha, kisha ingia kwenye igizo.

Kwa wanafunzi 58 gawa hivi: Baraza la Wawakilishi 36, Seneti 10, Rais 1, Makamu wa Rais 1, majaji 9, raia mlalamishi 1. Makamu akae mbele ya Seneti, kwa sababu katiba yao imemfanya mwenyekiti wa baraza hilo. Hapigi kura mpaka pawe na sare.

Hatua ya kwanza Rais ateue waziri kutoka kwa wale wawakilishi 36. Seneti ipige kura. Zikifika 6 amepita. Sasa mwondoe kabisa kwenye kiti chake, akae upande wa Rais. Watabaki 35, idadi sawa na wadi za kaunti ya Kisumu, kwa hiyo hawataisahau. Hapo wanaona kwa macho kwamba Marekani mtu hawezi kuwa waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Kenya nayo imekuwa hivyo tangu katiba ya 2010.

Hatua ya pili, mswada. Tumia ule wa kodi: kila barua inayotumwa kwa posta iongezwe dola 1 za kutengeneza barabara. Kwa kuwa ni mswada wa kuleta mapato, lazima uanzie Baraza la Wawakilishi. Rais haruhusiwi kuuwasilisha mwenyewe. Anaweza kuuomba, lakini mwakilishi ndiye anayeuweka mezani. Watoto wengi hukosea hapa kwa sababu kwenye habari wanasikia "mswada wa Rais". Baraza linahitaji kura 18 kati ya 35, Seneti 6 kati ya 10. Sare ya 5 kwa 5 ikitokea, mgeukie Makamu. Mwambie Rais kabla ya kipindi, kwa siri, kwamba ataukataa na atatoa sababu moja iliyoandikwa. Mswada unarudi kule ulikoanzia. Sasa zinahitajika kura 24 za Baraza na 7 za Seneti.

Saa yako iwe kali: maandalizi na waziri dakika 6, Baraza 10, Seneti 8, Rais 3, kura ya marudio 8. Zinabaki 5. Baraza likiachwa lijadili linavyotaka litameza kipindi chote.

Hatua ya tatu, kipindi kinachofuata, usirudie safari nzima. Sema mswada mwingine umeshapita na kutiwa saini: "Gazeti lisichapishe habari inayomkosoa Rais." Raia mlalamishi ndiye mhariri aliyetozwa faini. Majaji wasikilize pande mbili, dakika 4 kila upande, watoke nje dakika 3, warudi na kura. Tano zinatosha kuamua. Wape maneno machache ya Marekebisho ya Kwanza ya katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791: Kongresi isitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema wala wa magazeti.

Kuna kosa ambalo litatokea tu. Majaji, wakiona mswada mbaya unajadiliwa, wataanza kupiga kelele kwamba ni batili. Wanyamazishe. Mahakama ya Marekani haisemi kitu mpaka mtu aliyeumizwa alete kesi, na Mahakama ya Upeo yao haitoi ushauri. Yetu inaweza kutoa maoni ya ushauri kuhusu masuala ya serikali za kaunti ikiombwa na serikali ya kitaifa, asasi ya dola au kaunti yenyewe. Tofauti ndogo hiyo, lakini ndiyo inayomfanya mtoto aelewe kwa nini yule mlalamishi mmoja ana uzito wa darasa zima.

Ukibaki na dakika, waeleze kwamba sheria kama hiyo ilikuwepo kweli. Ilitungwa mwaka 1798 na muda wake ukaisha 1801. Uwezo wa mahakama kubatilisha sheria ya Kongresi ulithibitishwa 1803, kwenye kesi ya Marbury dhidi ya Madison. Katiba yao haitaji uwezo huo waziwazi popote. Yetu imeuandika: Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu kazi hiyo.

Lugha_Kwanza:
Nakubaliana na hayo ya kamba. Mimi nitashika maneno, maana nusu ya mkanganyiko huu unatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe.

Neno la kwanza kulishughulikia ni serikali. Kwetu serikali ni Rais, mawaziri, chifu na polisi, na pia ni mikono yote mitatu kwa pamoja. Ukisema "mahakama imeishinda serikali", mtoto anauliza mahakama si ni sehemu ya serikali? Amua mapema: mkono wa Rais uite *utawala* kipindi chote, na *serikali* ibaki kuwa jina la mwili mzima. Iandike kwenye kona ya ubao, usiifute.

Jimbo. Wazazi wao huita eneobunge jimbo. Vitabu huita California jimbo. Matokeo yake mtoto anadhani California ina mbunge mmoja. Tumia *jimbo* kwa zile 50 za Marekani tu, *eneobunge* kwa Kenya, na kwa Marekani sema *wilaya ya uchaguzi*.

Spika. Wa Bunge la Kitaifa letu huchaguliwa na wabunge lakini yeye mwenyewe hana eneobunge, na anatarajiwa kuwa mwamuzi. Spika wa Baraza la Wawakilishi kule ni kiongozi wa chama chenye wingi na ndiye anayesukuma ajenda yake. Mtoto atakayeigiza Spika lazima aambiwe hili, la sivyo atakaa akipiga meza na kusema "utulivu".

Kutimua. Magazeti yetu huandika mtu "ametimuliwa" hata pale hoja ikiwa ndiyo kwanza imepita bungeni. Kwa Marekani tenganisha vitendo viwili: Baraza la Wawakilishi *linamshtaki* kwa wingi wa kawaida, Seneti *inamhukumu* kwa thuluthi mbili. Marais watatu wameshtakiwa: Andrew Johnson 1868, Bill Clinton 1998, na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021. Hakuna aliyepatikana na hatia. Johnson aliponea kura moja: 35 kwa 19, na zilihitajika 36. Hiyo hesabu iandike ubaoni waikokotoe wenyewe, wataikumbuka kuliko maelezo yoyote. Nixon hayumo humo. Alijiuzulu Agosti 1974 kabla Baraza halijapiga kura. Kwetu kizingiti ni kirefu tangu mwanzo: Kifungu cha 145 kinataka thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, kisha thuluthi mbili ya Seneti.

Kura ya turufu. Neno zuri, lakini kwa mchezaji karata turufu hula karata zote na mchezo unaishia hapo. Hii inaweza kuliwa. Pia waambie Rais ana njia ya tatu: kukaa na mswada. Zikipita siku 10 bila kuhesabu Jumapili, unakuwa sheria bila saini yake. Lakini Kongresi ikiwa imefunga vikao kabla ya siku hizo kwisha, unakufa. Kenya ni siku 14, na ukilaliwa unahesabiwa umekubaliwa.

Menengai_Jamii:
Naandika kutoka Nakuru. Mmesahau kitu ambacho bila hicho Seneti haieleweki: kwa nini mabaraza mawili?

Tumia punje za mahindi. Chora duara mbili kwenye karatasi ya manila, moja Kakamega na nyingine Vihiga. Weka punje 12 ndani ya Kakamega na 5 ndani ya Vihiga, hayo ndiyo maeneobunge. Waulize kama hiyo ni haki. Watasema ndiyo, Kakamega ina watu wengi. Kisha weka harage moja ndani ya kila duara: seneta wa kuchaguliwa, mmoja kwa mmoja. Waulize tena. Hapo darasa litagawanyika, na ndipo unapotaka wafike.

Chini yake chora California na Wyoming. Punje 52 kwa California, 1 kwa Wyoming, halafu maharage mawili kila upande. Huo ndio ugomvi wa Philadelphia mwaka 1787 kati ya majimbo makubwa na madogo, na suluhu ilikuwa kuwapa wakubwa baraza moja na wadogo jingine. Jumla ni wawakilishi 435 na maseneta 100. Wawakilishi hukaa miaka 2, maseneta 6, na kila baada ya miaka 2 thuluthi ya Seneti huingia kwenye uchaguzi. Kwetu wote huchaguliwa siku moja kila miaka 5, kwa hiyo hiyo thuluthi itawasumbua. Wapange maseneta 10 mstari na uwainue watatu, kisha watatu, kisha wanne.

Kwa darasa lako la Kisumu punje 7 zinatosha kaunti yenyewe, lakini Kakamega na Vihiga zinafaa zaidi kwa sababu zimepakana na tofauti inaonekana haraka.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi huruka: kaunti si jimbo dogo la Kimarekani. Jimbo kule lina gavana, bunge lake na mahakama zake, tena na katiba yake. Kaunti ina gavana na bunge la kaunti, basi. Mahakama Kuu iliyoko Kisumu au Nakuru ni ya taifa. Swali zuri la kumalizia: "Kaunti ya Kisumu ina mikono mingapi?" Wengi watajibu mitatu.

Chaki_ya_Dunga:
Shukrani sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili yamebaki. La kwanza: mifano ya kweli bila kuingiza siasa za vyama, za kwao au za kwetu. Nilifikiria Mswada wa Fedha wa 2024, Rais alipokataa kutia saini. La pili: nitapimaje kama wameelewa, ilhali kwenye igizo wanaosema ni kumi na wengine wanatazama?

Katiba_Mezani:
Kuhusu mfano wa 2024: kwa utaratibu unafaa kabisa. Bunge lilipitisha tarehe 25 Juni, Rais akaurudisha siku iliyofuata kwa Kifungu cha 115. Lakini kumbukumbu za siku hizo bado ni mbichi na watu walikufa. Utaje kama mfano wa mswada kurudishwa, sentensi mbili, usonge mbele. Usiufanye igizo.

Uamuzi wa mahakama una mfano mtulivu zaidi, wa tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Upeo ilipobatilisha uchaguzi wa urais. Hata huo, darasani Kisumu utapata watoto wenye msimamo tayari kutoka nyumbani. Uliza nani aliwasilisha kesi na nani aliamua, usiulize nani alistahili kushinda.

Kwa Marekani chukua kesi za zamani ambazo hakuna mtoto atakayezikasirikia. Mwaka 1952, vita vya Korea vikiendelea, Rais Truman alitwaa viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Mahakama ilimkatalia, majaji 6 kwa 3, kwa sababu Kongresi haikuwa imempa uwezo huo. Mwaka 1974 Mahakama ilimwamuru Nixon atoe kanda alizorekodi ofisini, majaji 8 bila mpinzani, wakiwemo aliowateua yeye mwenyewe. Hili la mwisho ni dhahabu. Mtoto yeyote atauliza: aliwateua, kwa nini wakamgeuka? Jibu ni muda wa kazi. Jaji wa shirikisho anakaa hadi astaafu mwenyewe, afe, au aondolewe kwa kushtakiwa, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Majaji wetu hustaafu wakifika miaka 70, na Jaji Mkuu hakai zaidi ya miaka 10. Majaji wetu hupendekezwa na Tume, na Bunge huidhinisha Jaji Mkuu na naibu wake tu. Kule kila jaji wa shirikisho hupitia Seneti, na Baraza la Wawakilishi halina sauti. Wale 35 watalalamika. Waache walalamike dakika moja.

Lugha_Kwanza:
Kuhusu upimaji: kabla ya igizo mpe kila mtoto kikaratasi robo ya ukurasa. Asiye na zamu ya kusema awe karani. Kazi yake ni kuandika kila tukio katika sentensi ya umbo moja: *nani* alimzuia *nani*, kwa *njia gani*. "Rais alizuia Kongresi kwa kura ya turufu." Mwisho wa kipindi wakabidhi mlangoni.

Mwenye sentensi tatu sahihi na akaongeza ni kwa nini Kenya inafanya tofauti, amezidisha matarajio. Tatu sahihi bila ulinganisho, amefikisha. Mwenye kutaja majina ya mikono pekee, "Kongresi hutunga sheria, Rais hutekeleza", anakaribia tu, hata kama mwandiko ni mzuri na hakuna kosa. Wengi wataangukia hapo kwenye kipindi cha kwanza kwa sababu wameikariri hiyo sentensi tangu shule ya msingi.

Vikaratasi 58 husomeka kwa nusu saa ukitafuta kitenzi *zuia* peke yake.

Hesabu_za_Kura:
Naingilia kwa marekebisho madogo. Katiba_Mezani ameweka kura 24 za Baraza na 7 za Seneti kama namba zisizobadilika. Kwa Marekani thuluthi mbili ya kushinda turufu huhesabiwa kwa waliopiga kura, mradi akidi ipo, si kwa viti vyote. Wawakilishi watano wasipofika shuleni siku hiyo, waliobaki ni 30 na kizingiti kinashuka hadi 20. Kwa Kenya ni thuluthi mbili ya wabunge, waliopo na wasiokuwepo. Kwa hiyo kule kutokuwepo kunabadilisha hesabu, na kwetu kutokuwepo ni sawa na kupiga kura ya hapana. Liweke hilo kwenye zoezi, ni hesabu ya sehemu nzuri kwa gredi ya 8.

Angalizo jingine: kesi ya yule mhariri haianzii Mahakama ya Upeo. Huanzia mahakama ya wilaya ya shirikisho, huenda rufaa, kisha majaji wanne kati ya 9 wakikubali ndipo inasikilizwa. Si lazima uigize, ila useme, maana watoto wataondoka wakidhani kila ugomvi unakwenda moja kwa moja kwa wale tisa.

Katiba_Mezani:
Kweli kabisa, Hesabu_za_Kura. Nilihesabu kama kwamba wote wapo. Mwalimu, andika ubaoni "thuluthi mbili ya waliopiga", usiandike namba mpaka baada ya kuwahesabu.

Chaki_ya_Dunga:
Sawa. Darasa la pili lina wanafunzi 46. Nipunguze wapi bila kuharibu?

Hesabu_za_Kura:
Punguza Baraza na Seneti, majaji usiwaguse. Wawakilishi 26 (watabaki 25 waziri akishatoka), maseneta 8, majaji 9, Rais, Makamu, mlalamishi: 46. Wote wakipiga kura, wingi wa kawaida wa Baraza ni 13 na thuluthi mbili ni 17. Kwa Seneti ni 5 na 6. Namba yoyote utakayochagua, Seneti iwe shufwa. Ukiweka witiri, wote wakiwepo sare haitokei na yule Makamu atakaa bure vipindi vyote viwili.